Je, Kutaja Ugonjwa ni Kuukaribisha?

Masomo ya wiki: Walawi 13:1–8; 2 Wafalme 20:1–7; Marko 5:25–34



Wiki hii nimeombwa niandike juu ya swali ambalo limezunguka katika vikundi vyetu vya nyumbani tangu ibada ya maombezi ya mwezi uliopita. Swali lenyewe ni hili: mtu wa imani akienda kutafuta jina la ugonjwa wake, je, amekiri kushindwa? Wako wanaosema kwamba ulimi huumba, na ukishataja kitu umekifungulia mlango. Wako wanaosema Mungu hahitaji karatasi ya maabara ndipo aponye. Na wako wengi, hawa ndio ninaowafikiria ninapoandika, ambao wananyamaza tu. Wanaumwa, wanakonda, wanaitikia amina, halafu wanarudi nyumbani na maumivu yale yale.

Mimi si mchungaji wala daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na hapa kanisani nafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Nina ugonjwa wa matumbo unaoitwa Crohn, hutamkwa "kroni". Nimeishi nao miaka kumi na mmoja, na mitatu ya kwanza hakuna aliyejua ni nini. Kwa hiyo wacha niseme nilichojifunza, kwanza juu ya ugonjwa wenyewe, halafu juu ya swali letu.

UGONJWA WENYEWE

Crohn ni ugonjwa wa muda mrefu unaofanya utumbo uvimbe na kutoka vidonda kwa ndani. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ukuta wa utumbo. Unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, lakini mara nyingi hukaa mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, upande wa chini kulia wa tumbo. Hushika kipande, huruka kipande, hushika kingine. Tena hauishii juu juu. Huingia unene wote wa ukuta. Ndiyo sababu unaweza kufanya utumbo uwe mwembamba mpaka chakula kikwame, au ukatoboa njia isiyo ya kawaida kutoka kwa utumbo hadi kwenye ngozi au kiungo kingine, ile tunayoiita fistula.

Hauna chanzo kimoja. Kuna sehemu ya urithi wa damu, kuna sehemu ya kinga ya mwili, na kuna sehemu ya mazingira. Uvutaji wa sigara, kwa mfano, unauzidisha. Hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mwenye Crohn, ukalala kitanda kimoja naye, usipate chochote. Na kwa wale ambao tayari wameanza kuuliza ni nani alitenda dhambi, mgonjwa au wazazi wake, swali hilo wanafunzi waliuliza katika Yohana 9 na jibu walipewa. Hatuhitaji kuliuliza tena.

Watu wengi huanza kuumwa wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, ingawa hata mtoto au mzee anaweza kuupata. Fikiria basi ni umri gani huo. Ndio umri wa shule, wa kuanza kazi, wa kuchumbiana. Ndio umri ambao mtu anaona haya zaidi kusema habari za choo.

DALILI AMBAZO HAZIFAI KUNYAMAZIWA

Tumbo linauma kila mtu. Umekula maharagwe hayakuiva, umekunywa maji mabaya, siku mbili tatu inaisha. Hilo silo ninalolisema. Ninasema juu ya mambo haya:

– Kuendesha kunakoendelea zaidi ya wiki nne, au kunakokuja na kuondoka miezi nenda rudi.
– Kuamka usiku kwenda choo. Tumbo lenye wasiwasi tu kwa kawaida hulala mwenyewe akilala. Tumbo linalokuamsha linataka kutazamwa.
– Damu au kamasi kwenye haja kubwa.
– Maumivu ya kukata, hasa chini upande wa kulia, yanayozidi baada ya kula.
– Kupungua uzito bila kutaka, kukosa hamu ya chakula, homa ndogo isiyoisha.
– Uchovu usioisha hata ukilala, mara nyingi pamoja na upungufu wa damu.
– Majipu, nyufa au kitundu kinachotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa.
– Dalili za mbali na tumbo: vidonda vya mdomoni vinavyorudi rudi, magoti na vifundo vinavyovimba, macho mekundu yenye maumivu, vinundu vyekundu vyenye uchungu kwenye miguu.
– Kwa mtoto: kuacha kurefuka, nguo za mwaka juzi bado zinamtosha, kuchelewa kubalehe. Mtoto mwingine haonyeshi dalili nyingine ila hiyo.

Si lazima uwe nazo zote. Na kuwa nazo hakumaanishi ni Crohn. Yapo magonjwa mengine yanayofanana nao, na mengine yanaisha kwa dawa za wiki moja. Lakini ukiwa na mbili tatu katika hizi na zimekaa, hilo si jambo la chai ya tangawizi tena.

Kuna hali nyingine ambayo haisubiri miadi: tumbo limevimba na kuwa gumu, unatapika, na hupitishi haja wala hewa, au homa kali pamoja na maumivu makali ya tumbo, au damu nyingi. Hapo ni hospitali usiku huo huo. Maombi yatafanyika ndani ya gari.

KWA NINI JINA HUCHELEWA

Nilianza kuumwa nikiwa na miaka 26. Kliniki ya kwanza waliniambia ni taifodi. Nilimeza dawa, nikapata nafuu wiki moja, ikarudi. Ya pili wakasema ni amiba. Ya tatu, vidonda vya tumbo. Kila mahali nililipa, kila mahali nilipewa karatasi, na kila karatasi ilikuwa na jina tofauti. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana huku kwetu kinaweza kusema ndiyo hata mahali ambapo taifodi haipo. Wakati huo nilijua tu kwamba nimepoteza kilo kumi na mbili, na kwamba watu wameanza kunong'ona. Si mnajua mtu akikonda ghafla hapa kwetu inasemwa ana nini. Nilipimwa hilo pia, mara mbili, na majibu yalikuwa safi. Lakini mnong'ono hausomi majibu.

Halafu daktari mmoja akashuku kifua kikuu cha utumbo. Hakukosea kushuku. TB haikai kwenye mapafu peke yake. Inapenda pale pale ambapo Crohn hupenda, mwisho wa utumbo mwembamba, na kwa macho ya kamera vidonda vyake vinafanana sana na vya Crohn. Katika nchi zenye TB nyingi kama yetu, kutenganisha haya mawili ni kazi ngumu hata kwa bingwa. Na ni kazi isiyoweza kurukwa, kwa sababu dawa za Crohn hutuliza kinga ya mwili. Ukimpa dawa hizo mtu ambaye kumbe ana TB, umeifungulia TB geti. Kwa hiyo nilimeza dawa za TB miezi sita. Tumbo halikubadilika, na huko kutobadilika nako kukawa sehemu ya jibu.

Nawaeleza haya ili mtu asione aibu akichelewa kupata jibu. Hata walimwengu wenye kila kitu walichelewa. Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, aliteswa na maumivu ya tumbo miaka mingi. Ni mwaka 1956, akiwa na miaka 65 na akiwa Ikulu, ndipo ilipojulikana kwamba ni ugonjwa huu, na mwezi Juni mwaka huo akapasuliwa utumbo ukiwa umeziba. Na ugonjwa wenyewe ulichelewa kupata jina. Daktari mmoja wa upasuaji wa Uskoti, Kennedy Dalziel, aliueleza mwaka 1913. Haukushika masikio ya wengi mpaka mwaka 1932, pale Burrill Crohn na wenzake wawili, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walipoandika juu ya wagonjwa 14. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti, C ikatangulia, na ndivyo ugonjwa ulivyobaki na jina la Crohn. Jina la ugonjwa ni kitu cha kawaida hivyo. Si roho. Ni lebo iliyobandikwa kwa mpangilio wa herufi.

Jibu hutafutwaje? Hakuna kipimo kimoja kinachosema "ni hii". Daktari anaunganisha. Kwanza anasikiliza, na hapa ndipo unapopaswa kusema yote: mara ngapi kwa siku, usiku au mchana, rangi gani, damu au hapana, nani katika ukoo aliwahi kuumwa hivyo. Pili, damu inapimwa kuona kama umepungukiwa na kama kuna dalili za uvimbe mwilini. Tatu, haja kubwa inapimwa kutafuta vijidudu; na mahali penye uwezo, inapimwa pia protini iitwayo kalprotektini, ambayo ikipanda inaonyesha kwamba utumbo umevimba kweli na si mishtuko ya tumbo tu. Nne ni kamera, yaani kolonoskopi: siku moja kabla unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, kesho yake unachomwa sindano ya kukutuliza, na daktari anapitisha mrija mwembamba wenye kamera kutoka nyuma mpaka afike pale utumbo mwembamba unapoishia. Akiwa huko anachukua vipande vidogo vya nyama vikatazamwe maabara, na kupimwa TB. Wakati mwingine huongezwa picha ya CT au MRI kwa sehemu ambazo kamera haifiki.

Neno moja la msaada: andika. Chukua daftari, wiki mbili au tatu, andika umekula nini, umeenda choo mara ngapi, umeumwa wapi, uzito wako ni ngapi. Daktari bingwa aliyenisaidia alisoma daftari langu kabla hajanigusa. Na usimeze ibuprofeni au diklofenaki kila tumbo linapouma. Dawa za namna hiyo zinaweza kuuchokoza utumbo uliovimba. Mwambie daktari kila dawa unayotumia, hata ya miti shamba.

KUHANI ALITAZAMA

Sasa turudi kwa swali. Baada ya kupata jina, mama mmoja wa kikundi chetu, mtu wa maombi kweli kweli, alinishika mkono mlangoni kwangu akaniambia, "Binti yangu, ulimi huumba. Usilitaje hilo jina ndani ya nyumba yako."

Nikamwambia, "Mama, jina hili sikulileta mimi. Nimelikuta."

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi liache hospitalini."

Sitaki kumdharau, kwa sababu kuna ukweli katika onyo lake. Maneno yana uzito. Mtu anaweza kuugeuza ugonjwa kuwa jina lake la pili, akawa hana habari nyingine, akajifunika nao kama blanketi. Anaweza kusoma karatasi ya daktari kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Huyo amefanya zaidi ya kutaja, amekabidhi. Mama yule aliogopa hilo kwa ajili yangu, na kila Alhamisi alileta uji laini kwenye chupa ya chai bila kuulizwa. Imani yake na upendo wake havikuwa na shida. Hoja yake ndiyo nataka kuipima.

Kama kutaja ndiko kunakoumba, basi kutotaja kungepaswa kubomoa. Lakini kwa miaka mitatu hakuna hata mtu mmoja aliyeutaja ugonjwa wangu, kwa sababu hakuna aliyeujua. Ungekuwa unaishi kwa kutajwa, ungekufa njaa. Haukufa. Ulikula. Kumbe ugonjwa haungoji ruhusa ya midomo yetu. Kinachongoja ruhusa hiyo ni tiba, kwa sababu hakuna daktari anayeweza kutibu asichoambiwa, na hakuna ndugu anayeweza kubeba mzigo asioonyeshwa.

Tazama Walawi 13. Mtu ana doa kwenye ngozi, analetwa kwa kuhani. Kuhani haambiwi afumbe macho kwa imani. Anaambiwa atazame: nywele za hapo zimegeuka rangi? Kidonda kimeingia ndani kuliko ngozi? Akikosa uhakika, hatamki lolote. Mtu anatengwa siku saba, anatazamwa tena. Bado haijulikani, siku saba nyingine. Ndipo anatamka. Hebu ona: kazi ya kutazama mwili, kusubiri, kutazama tena na kusema ukweli ilipewa mtu wa madhabahuni. Ilikuwa sehemu ya utumishi wake. Na ona pia kwamba hakupewa ruhusa ya kutamka haraka kwa upande wowote. Asingesema "u mgonjwa" kabla ya kutazama, na asingesema "u mzima" kabla ya kutazama.

Hilo la pili tunalisahau. Katika Luka 17 wale kumi wenye ukoma walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, na walikuwa wakielekea kutakaswa. Hata muujiza ulipelekwa kupimwa. Bwana hakuona kwamba kupimwa kunapunguza utukufu wake. Sisi tunaogopa kipimo kwa niaba ya nani?

PINGAMIZI TATU

La kwanza: "Yule mwanamke wa Marko 5 alimaliza mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi." Ni kweli, na mimi nikisoma pale naona karatasi zangu za kliniki. Lakini habari ile haimlaumu mwanamke kwa kutafuta. Inasikitika kwamba aliteseka mikononi mwa waliopaswa kumsaidia. Tena ona alivyofanya mwisho. Alikuwa na ugonjwa wa aibu, wa kutokwa damu, wa miaka kumi na miwili, na alitaka kupona kimya kimya na kuondoka. Hakuachwa aondoke hivyo. Aliitwa, akajitokeza akitetemeka, akasema habari yake yote mbele ya umati. Kama kutaja kungekuwa hatari, asingeitwa kutaja. Mimi nadhani kuponywa kwa damu kulikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa kuponywa kwa kujificha.

La pili: "Huo ugonjwa hauna dawa ya kuumaliza. Basi kuujua kuna faida gani?" Hili ni swali zuri, na linasumbua hata wasio na dini. Ni kweli leo hakuna dawa inayoung'oa kabisa. Lakini kuna dawa za kuuzima ukalala, miezi au miaka, na utumbo ukapata nafasi ya kupona vidonda. Kuna steroidi za muda mfupi za kuzima moto ukiwaka. Kuna dawa za kutuliza kinga kwa muda mrefu kama azathioprini. Kuna sindano za kibayolojia kama infliximab, ambazo ni ghali. Usipoujua, unaendelea chini kwa chini, utumbo unakazana na kufanya makovu, na siku moja unajua kwa njia ya kisu. Mfalme Hezekia aliomba, akapewa ahadi ya miaka kumi na mitano, na bado mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu lake. Ahadi ilitangulia, tini zikafuata. Tini hazikuitukana ahadi.

La tatu: "Pesa zitoke wapi?" Hapa siwezi kutoa jibu la mahubiri. Kamera ni ghali, bingwa wa magonjwa ya tumbo hapatikani kila kaunti, na nauli ni nauli. Mtu akisema "nilikosa pesa" hajakosa imani. Amesema ukweli mwingine unaohitaji kutajwa. Kujiandikisha SHA na kulipa kabla hujaumwa ni hekima. Lakini pia nauliza: tunafanya harambee ya mazishi ikajaa kwa wiki moja. Kwa nini harambee ya kipimo inaonekana ni aibu? Mtu akifa tunatoa. Akiwa anatafuta jina la kinachomuua tunamwambia aamini.

NANI ANALIPA?

Nafika mahali pagumu zaidi. Namjua kijana mmoja, si wa ushirika wetu, aliyekuwa akitumia steroidi kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Katika mkutano fulani aliambiwa kwamba kuendelea kumeza ni kumwambia Mungu hajafanya kazi. Akaacha siku hiyo. Sasa, dawa hizo zikitumika kwa muda, mwili huacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya namna hiyo, kwa sababu inaletwa kutoka nje. Ndiyo maana daktari huzipunguza kidogo kidogo. Ukikata ghafla, mwili unabaki mtupu, presha inaanguka, mtu anaweza kufa. Kijana alianguka nyumbani na kukimbizwa hospitali. Mungu alimhifadhi. Lakini aliyemwambia aache alikuwa amelala usingizi wake mji mwingine.

Hapo ndipo ninapoona swali la haki, si la imani peke yake. Nikiamua kuuweka mwili wangu mwenyewe katika hatari kwa jambo ninaloliamini, nitajibu mbele za Mungu. Lakini nikiuweka mwili wako, kwa imani yangu, huku gharama yote ukilipa wewe na watoto wako, nimefanya nini? Nimekopa kwa jina lako. Ukipona, nitasimulia ushuhuda. Usipopona, nitasema imani yako ilikuwa ndogo. Biashara ambayo mmoja hupata faida zote na mwingine hubeba hasara zote ina jina lake, na jina hilo si huduma.

Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, ameandika mwenyewe katika 2 Timotheo 4. Timotheo alimshauri juu ya tumbo lake, kwa kitu cha kunywa. Hatusomi mahali alipowaambia kwamba wana upungufu. Yule aliyeona miujiza mingi hivyo hakuona aibu kuandika kwamba rafiki yake ni mgonjwa na amebaki nyuma. Kama Paulo aliweza kuandika, sisi tunaweza kusema.

TUFANYE NINI KAMA KANISA

Mambo machache, ya kutendeka:

Moja, tukiombea mgonjwa, tumwombee pamoja na miadi yake. "Bwana, Jumanne anaenda kupimwa, mwongoze anayepima." Hilo ni ombi kamili.

Mbili, mtu yeyote asiambiwe aache dawa. Akisikia amepona, arudi kwa daktari apimwe, kama wale kumi. Ushuhuda uliopimwa hausimami dhaifu. Unasimama imara zaidi.

Tatu, tusilazimishe mfungo. Mwenye utumbo mgonjwa ambaye tayari amekonda anaweza kuomba saa ile ile wengine wanayofunga, akiwa ameshiba uji. Asiitwe mvivu wa roho.

Nne, yule anayekaa karibu na mlango na kutoka mara tatu wakati wa neno, tumwache. Usimgeukie. Huenda kufika kwake tu kulimgharimu kuliko kukesha kwako.

Tano, wazazi na walimu, msimcheke mtoto anayeomba ruhusa ya choo kila mara. Muulize faraghani, kwa upole, na utazame kama anakua.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Wakati huo walifanya vizuri kuliko baadaye walipofungua midomo. Nasi tukikosa la kusema, tukae. Lakini mgonjwa mwenyewe akitaka kusema, tusimzibe kinywa kwa jina la imani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la wiki ni hili. Kutaja ugonjwa ni kusema kilichopo mbele za yule ambaye tayari anakijua. Imani haikuhitaji giza ili ifanye kazi. Ukishajua jina, unaanza kuamini ukiwa umefungua macho, na huo ndio wakati unaotaka imani kubwa zaidi. Ndugu yangu, dada yangu, wewe unayesoma haya ukiwa umeshika tumbo: mweleze mtu mmoja wiki hii. Mume au mke wako, mama yako, kiongozi wa kikundi. Halafu nenda ukatazamwe.

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Kuna tofauti gani kati ya kutaja ugonjwa na kujikabidhi kwake? Toa mfano kutoka maisha ya kawaida.
2. Kwa nini, kwa maoni yenu, Bwana aliwatuma wale kumi wakapimwe na makuhani?
3. Je, kikundi chetu kinaweza kuanzisha mfuko mdogo wa vipimo? Nani atausimamia?

Ombi
Baba, wewe uliyetuumba ndani ya matumbo ya mama zetu unayajua matumbo yetu. Wape ujasiri wanaoficha. Wape macho wanaopima. Utupe sisi midomo isiyoharakisha kutamka, na mikono isiyochelewa kusaidia. Katika jina la Yesu, amina.